Mlango wa Kulia wa Papa Ferdinand

Jumamosi, tarehe 15 Mei 1976

Ushindi! Papa Ferdinand ameniachia gari! Peugeot 404 yake ya buluu, ambayo hata mkewe haruhusiwi kuiegemea! Amepanda lori la chumvi kwenda kwao Butembo, maana mvua imegeuza mlima wa Kabasha kuwa uji, na uani kwake hakuna geti. Kwetu lipo. Masharti: niwashe injini dakika tano kila asubuhi, nisilitoe nje. Jumapili ijayo, mbele ya familia nzima, atatoa jibu kuhusu binti yake Victoire. Ni mimi au ni Grégoire. Grégoire ni mwalimu. Ana baiskeli. Sasa mtu anamwachia nani gari kama si mkwewe?

Saa tisa alasiri nimelitoa nje. Mpaka mtaa wa Keshero tu, hapa hapa Goma! Injini isiyotembea inazeeka, kila mtu anajua. Nikapita polepole mbele ya duka ambako Victoire anashona nguo. Akainua kichwa. Nikampungia mkono kwa madaha, na kwa bahati mbaya ndio mkono uliokuwa umeshika usukani. Ukuta wa mawe ya volkano wa Mama Pascasie umetokeza mno barabarani. Nitamwandikia barua kali.

Mikwaruzo mitatu, mlango wa kulia, urefu wa kiganja. Midogo! Ukisimama mbali huioni. Ukisimama Bukavu huioni kabisa.

Grégoire alikuwa anapita na baiskeli yake. Alisema bonjour, basi. Mtu mwovu.

Jumapili, tarehe 16 Mei

Misani sikusikia neno. Nimeomba kuhusu rangi tu. Kurudi nyumbani nikamkuta mama anasugua sufuria kwa mchanga mweusi wa volkano na limau, kama kina mama wote wa hapa. Masizi ya mwezi mzima yakatoka! Nikaona pua yangu ndani ya sufuria. Hapo hapo nikapata wazo. Mchanga unaoshinda masizi utashindwaje na mikwaruzo mitatu?

Nimesugua saa nzima. Kwa nguvu, kwa kuzungusha, nikiimba. Mikwaruzo imekwisha! Haipo tena! Na rangi haipo tena. Pamebaki duara la chuma, kubwa kama sahani ya bugali, linang'aa ajabu. Mama amekuja, ametazama, amesema: "Sufuria haina na rangi, mutoto yangu." Angesema mapema.

Jumatatu, tarehe 17 Mei

Nimekwenda kwa Constant, mchoraji wa vibao vya maduka, ambaye pia hupaka magari. Akaniuliza kama ukucha ulikuwa unakwama ndani ya mikwaruzo ile. Nikasema hapana, ulikuwa unateleza. Akashika kichwa. Akasema basi ilikuwa juu juu tu: maji safi, kitambaa laini, nta kidogo, nusu saa ya kazi, na Papa Ferdinand asingejua mpaka siku ya kufa. Siwapendi watu wanaotoa ushauri baada ya kazi kwisha.

Balaa lingine: hana rangi ya buluu. Mji mzima hauna! Alhamisi ni sikukuu ya Chama, na maduka yamejaa rangi zake tu, kijani na manjano. Ana nyeupe kidogo. Nikacheka moyoni. Nyeupe inanitosha, nikiwa na buluu ya kufulia mashati! Nimekoroga mwenyewe, nimepaka mwenyewe, nimerudi nyuma hatua kumi kutazama. Sawasawa kabisa! Nimelala mchana nikiwa na amani.

Jumanne, tarehe 18 Mei

Mvua. Buluu yote imeshuka mlangoni, imepita gurudumu, imeingia uani. Mama alikuwa na kuku wawili weupe. Sasa ni wa buluu. Mlangoni pamebaki waa jeupe.

Grégoire amekuja eti kumsalimia mama. Amewatazama kuku kwa muda mrefu. Amesema rangi inawapendeza.

Jumatano, tarehe 19 Mei

NIMEPATA! Sijawahi kupata wazo kubwa hivi tangu nizaliwe! Kijani ipo, manjano ipo, waa lipo. Tutachora mwenge wa Chama, ule wa kwenye bendera! Nani katika Zaïre hii atathubutu kuuliza kuna nini chini ya mwenge wa Chama? Constant alisitasita, akasema mambo haya hayachezewi. Nikamwambia sichezi, naipenda nchi. Amekubali kwa kuku mmoja wa buluu.

Duara la manjano, pembeni kijani, mkono mweusi, moto juu yake. Moto unafanana kidogo na kabichi ya Masisi. Lakini waa halionekani hata ukilitafuta! Usiku wa leo nitalala. Ijumaa nitaufuta taratibu, na Constant atakuwa ameletewa buluu kutoka Bukavu.

Alhamisi, tarehe 20 Mei

Siku tukufu! Saa moja asubuhi Paul, kiongozi wa vijana wa mtaa, amepita, ameona mlango, amesimama wima. Akasema kwa miaka yote hajaona mwananchi aliyejitolea hivi. Akaamuru gari liongoze gwaride! Nisilitoe nje, alisema Papa Ferdinand. Lakini hakusema kuhusu sikukuu ya taifa.

Nimeendesha mbele ya mji mzima! Ngoma, nyimbo, vitambaa! Paul ameketi kando yangu akisalimia watu. Victoire alikuwa kwenye umati, akapiga makofi, halafu akafunika mdomo kwa mikono miwili, kwa sababu ya furaha nadhani. Na nyuma yangu kabisa, kwenye moshi wangu, Grégoire na wanafunzi wake wakikohoa kwa hatua za pamoja. Nisingebadilisha siku hii na kitu chochote.

Ijumaa, tarehe 21 Mei

Nimeshika kitambaa na petroli kuufuta mwenge. Nimefikia ncha ya moto, nikasikia nyuma yangu: "Mwananchi, uko nafanya nini na mwenge?" Paul! Nikajibu nausafisha ung'ae zaidi. Amenisifu. Akasema kuufuta mwenge ni jambo ambalo watu huitwa ofisini kulieleza, na wengine hueleza kwa muda mrefu sana. Nikasafisha na vioo vyote.

Kisha amenipa habari njema: kuanzia kesho gari litabeba watu wa salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa. Kila Jumamosi.

Jumamosi, tarehe 22 Mei

Kutoka salongo ya kuzibua mitaro, tulikuwa watu tisa ndani, wawili juu, na majembe yametoka madirishani. Tukapishana na lori la vitunguu. Juu ya vitunguu ameketi Papa Ferdinand.

Ameshuka. Amezunguka gari mara mbili. Ameuliza chini ya mwenge kuna nini. Nikasema mapenzi ya nchi. Akakwaruza moto kwa ukucha wa kidole gumba, akaona nyeupe, akakwaruza nyeupe, akaona chuma. Akachukua ufunguo. Akasema tu: "Kesho, mutoto yangu. Saa kumi." Ameniita mtoto wake! Ni dalili nzuri.

Jumapili, tarehe 23 Mei

Sebuleni kwa Papa Ferdinand. Yeye, mkewe Mama Élisabeth, wajomba wawili, Victoire katika gauni alilojishonea. Grégoire yuko barazani, ameshika baiskeli yake.

Papa Ferdinand amesema habari za mikwaruzo alizipata Kalengera njiani akirudi, lori liliposimama kununua mahindi ya kuchoma. Dereva aliyetoka Goma alimsimulia. Alicheka mpaka mahindi yakampalia. Yeye mwenyewe gari lake la kwanza alilikwaruza siku ya kwanza. Gari ni chuma, alisema. Lakini hawezi kumpa binti yake mtu ambaye kila neno lake inabidi ulikwaruze kwa ukucha uone chini kuna nini. Kwa hiyo atauliza mara moja tu, na jibu langu ndilo litakuwa jibu lake.

"Nani alikwaruza mutuka yangu?"

Victoire akaniangalia. Akanipa ishara ndogo ya kichwa, akinihimiza. Alitaka niseme, niliona usoni mwake, alitaka sana. Nampenda. Naandika hapa wazi, nampenda mpaka chakula hakipiti. Neno "mimi" lilikuwa limefika kwenye meno. Nikafungua mdomo.

Nikasema: mbuzi.

Sijui alitoka wapi. Wajomba wakauliza pamoja: mbuzi? Nikalazimika kueleza. Mweusi. Ametoka upande wa Kanyaruchinya. Ana haraka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo mbuzi alivyozidi kukua. Victoire akainuka, akaenda jikoni. Hakuubamiza mlango. Afadhali angeubamiza. Nimerudi kwa miguu, nikalia nyuma ya choo ambako mama haoni.

Jumatatu, tarehe 24 Mei

Furaha! Furaha! Wivine, mdogo wake Victoire, ameleta barua ya dada yake! Grégoire hakupewa jibu. Aliingia jana na orodha ya makosa yangu, kwa Kifaransa, na Papa Ferdinand hapendi wachongezi. Baba yake atanisubiri kesho saa kumi. Niseme sentensi moja tu mbele ya wote, kwamba ni mimi niliyekwaruza, na mambo yatakwisha, nimemwoa. "Sentensi moja" amepigia mstari mara mbili. Anasema na yeye alilia jikoni. Nimeibusu karatasi mpaka wino umenishika mdomoni.

Sentensi moja! Yaani nimeshashinda!

Nimeifikiria kutwa. Ina kasoro. Nikisema ni mimi, basi kuhusu mbuzi nilidanganya, na mzee kama yule hawezi kumpa mwongo binti yake. Victoire hakulitazama jambo hili vizuri, mapenzi yamempofusha. Lazima nimlinde.

Nimekwenda sokoni. Nimekagua mbuzi kumi na mmoja. Nimempata! Mweusi, pembe moja imepinda, na macho yale yale ya mtu aliyefanya kosa. Kesho saa kumi nampeleka sebuleni. Na kuna jambo tamu zaidi: kwa watu wa Butembo mazungumzo ya ndoa hufunguliwa kwa mbuzi. Papa Ferdinand asipompokea kama mkosaji, atampokea kama mahari.