Vita vya Mwalimu Taratibu na Ulimi wa Filamu

Sogezeni viti, enyi mliokwisha kushiba sifa za wafalme waliobomoa ngome, nanyi mliochoshwa na habari za majemadari waliovuka mito kwa miguu! Mwenye redio na aizime, mwenye sufuria jikoni na apunguze moto, kwa maana inakuja habari ya mtu mmoja aliyetia filamu ndani ya kamera. Msicheke mapema. Wapo waliocheka mapema, na hao ndio walioomba wasimuliwe tena.

Shujaa mwenyewe alikuwa mfundishaji wa udereva, simba wa usukani asioushika, ngao ya watembea kwa miguu, ambaye kwa miaka mingi alikanyaga breki isiyokuwapo hata zulia la gari likatoboka upande wake. Wanafunzi wake walimpa jina la Mwalimu Taratibu, maana hakuna neno alilolitamka zaidi chini ya jua. Utu uzima ulipomfikia na kitambi kilipokwisha kutia nanga, akaingiwa na mapenzi ya kamera za filamu, akajinunulia moja iliyotumika, nzito kama pasi ya mkaa, akawa anatembea nayo shingoni huku akiinama kidogo mbele. Kujua kuitumia lilikuwa jambo jingine.

Basi ikatoka amri kutoka juu. Mama mkwe wake, mwanamke wa maneno machache na kumbukumbu ndefu, alikuwa amepoteza picha zake zote siku simu yake ilipotumbukia katika ndoo ya kufulia, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya picha zinazokaa ndani ya simu. Akamwambia binti yake: "Mwambie huyo mumeo, kama kweli anajua hiyo kamera yake, anipige picha moja ya maana, ya karatasi, ya kutundika ukutani, nikiwa bado na meno yangu. Akodi studio, nitakuja mara moja. Sirudi."

Hilo "kama kweli anajua" likamkaa Mwalimu Taratibu kooni. Kwa maana shujaa wetu alikuwa na donda, na donda hilo lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cha uongo.

Mwaka uliotangulia, katika harusi ya shemeji yake, yeye ndiye aliyekabidhiwa kumpiga picha mama mkwe akiwa na bibi harusi. Alipiga kwa madaha, akichuchumaa na kuinuka, jasho likimchuruzika, na kumbe filamu haikuwa imeshika. Ulimi wake, ile ncha inayochomekwa kwenye kijiti cha kuivutia, ulikuwa umechomoka zamani, na kamera ikawa inalia tu na kihesabu chake kikihesabu hewa. Filamu ilipopelekwa kwa msafisha picha, ikarudi tupu. Hapo ndipo mtu huyu, aliyewahi kuketi kando ya wanafunzi waliofumba macho katikati ya njia panda naye asitikisike, akatikisika mbele ya mama mmoja aliyeshika kikombe cha chai. "Msafisha picha ameiharibu, mama," akasema. Mama akajifunga kibwebwe, akaenda hadi dukani kwa yule bwana, akamwambia mbele ya wateja wake maneno ambayo mtu hayasahau. Yule bwana akajitetea kwamba filamu haikuwa na kitu. Akaitwa mharibifu, kisha akaitwa mwongo. Tangu siku ile mama akipita pale anageuza uso.

Sikieni sasa habari za matayarisho. Alasiri ya siku iliyotangulia vita, Mwalimu Taratibu alipanga silaha zake juu ya meza ya kulia chakula: kamera iliyopanguswa mpaka ikang'aa, kipimamwanga kilichokuwa na tabia ya kubadili mawazo, waya wa kuunganishia taa, na filamu moja, ya mwisho iliyobaki dukani. Mbele yake, juu ya kiti, aliketisha boga kubwa lililofungwa kitambaa cha kichwa cha mkewe. Kisha akakohoa, akaweka mkono kifuani, akalihutubia.

"Ewe mama uliyetukuka, chemchemi ya furaha ya nyumba yangu, mimi mkweo nisiyestahili hata kukanyaga kivuli chako, nakuomba kwa unyenyekevu ugeuze uso wako upande wa kulia. Taratibu. Taratibu. Hapo hapo. Vuta breki ya mkono."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kapu la nguo.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni mama yako."

"Na hicho kitambaa ni changu." Akaweka kapu chini. "Mama akijua umemfananisha na boga, mimi simo."

"Mke wangu, usiyatazame mambo makubwa kwa jicho dogo," akanena shujaa. "Mkwe hamwamrishi mkwe. Huyu ni mtu ninayemsalimia nikitazama sakafu. Kesho nitasimama mbele yake na kumwambia nini, inua kidevu? Pandisha bega? Majemadari wengi wameshindwa si kwa kukosa mikuki bali kwa kukosa maneno, nami nimeazimia kwamba maneno yangu yatakuwa yamenolewa kabla jua la kesho halijachomoza."

"Ungejizoeza kuweka filamu." Akalivua boga kitambaa chake, akakikunja. "Na lile la harusi utamwambia lini?"

"Siri ya jemadari huzikwa naye."

"Yule msafisha picha hajazikwa. Juzi nimepita pale, kanisalimia vizuri tu, kaniuliza hali ya watoto. Aibu nimeona mimi, wewe umekaa hapa unaongea na boga."

Akachukua kapu lake akaenda, na hilo boga jioni yake likaenda chunguni.

Akabaki shujaa peke yake na adui. Akafungua mlango wa nyuma wa kamera, akakipachika kikopo cha filamu mahali pake, akauvuta ulimi. Lo, ule ulimi! Mwembamba, mtelezi, wenye kujikunja kila unapoachiwa, mjanja kuliko mwanafunzi anayedai aliiona taa nyekundu. Aliuchomeka, ukachomoka. Akauchomeka tena, ukamcheka. Vidole vyake vilivyozoea kushika usukani wa mtu mwingine kwa nguvu wakati wa hatari havikuumbwa kwa kazi hiyo. Na hapa ndipo lilipojificha kosa lake, kosa la wageni wote wa filamu: ubahili. Kwa kuwa filamu ilikuwa moja, hakutaka kupoteza hata kipande cha ukucha, akaupa ule mtambo ncha tu ya ulimi, akafunga mlango haraka kama mtu anayefungia kuku.

Tangu harusi ile alikuwa amejifunza jambo moja. Ukivuta kipini cha kusogeza filamu, kile kigurudumu kidogo cha upande wa pili lazima kizunguke. Kikizunguka, filamu inakwenda, kisipozunguka, hakuna safari. Akavuta. Kigurudumu kikatulia. Akajiambia kwamba filamu imelegea ndani ya kikopo, ikikaza kitazunguka. Jambo hilo hutokea kweli, na ndiyo maana lilimfaa sana kuliamini. Kufungua ahakikishe alihofu mwanga ungeiunguza filamu, kuvuta zaidi alihofu kuipoteza. Mkewe akamwita akale, akaenda kula.

Kulipokucha, majeshi yakakutana. Uwanja wa vita ulikuwa chumba juu ya duka la viatu, chenye mapazia meusi, karatasi ya kijivu iliyoshushwa kutoka darini ikiwa na alama za soli za watu waliotangulia, stuli moja, na taa mbili zilizovikwa miavuli. Mwenye studio, mlinzi wa malango hayo, aliwasha taa, akawaonyesha swichi isiyofaa kuguswa, akarudi mezani kwake kuchokonoa meno. Mkewe akapewa ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Naye mama mkwe akapanda ngazi, kituo baada ya kituo, akiwa katika gauni lake la rangi ya zambarau, akaingia.

"Shikamoo mama," akasema shujaa, akiitazama sakafu.

"Marahaba, baba. Nikae wapi?"

Akaketi. Na yale maneno yaliyonolewa mbele ya boga yakatoroka yote, yakamwacha na yale ya kila siku. "Mama, sogea mbele kidogo. Taratibu. Kata kulia. Hapo. Tazama kioo." Mkewe akauinua ubao kuuficha uso wake. Mama akatii kila neno, kwa sababu lilitamkwa na mtu aliyelijua.

Akapiga. Taa zikalipuka.

"Nimefumba macho," mama akasema.

Akavuta kipini, akapiga tena.

"Nimefumba tena. Huo mwanga wako unakuja kama umetumwa."

"Haidhuru, mama. Tunaendelea."

Wakaendelea, mwanga ukija na macho yakifumba, hata mama akaanza kukunja uso na mwenye studio akaanza kutazama saa. Ndipo Mwalimu Taratibu, akivuta kipini kwa mara nyingine, jicho lake likaangukia kile kigurudumu. Kilikuwa kimetulia kama kigingi. Akavuta tena, polepole, akikitazama. Hakikuzunguka.

Enyi wasimulizi wa vita, nikopesheni ndimi zenu, maana wangu hautoshi kueleza yaliyopita kifuani mwa mtu huyo! Upande mmoja kulisimama njia pana: kupiga mpaka mwisho, kushukuru, kumsindikiza mama hadi chini, na baada ya siku chache kuleta habari kwamba msafisha picha ameharibu tena. Uongo ulikuwa tayari, umekwisha kushonwa kwa vipimo vyake, hata wa kumbebesha alikuwa yule yule. Mama angeamini. Angejifunga tena kibwebwe. Upande wa pili kulikuwa na sentensi moja fupi, na nyuma ya sentensi hiyo, sura ya mama mkwe. Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa mpaka miguu ikatafuta breki.

"Mama," akasema. "Kamera haijashika filamu. Sijakupiga hata picha moja."

Mkewe akashusha ubao.

"Hata moja?" mama akauliza.

"Hata moja. Nimeiweka vibaya. Jana niliona dalili, nikajifanya sikuiona."

Kumbukumbu ndefu ya mama ikaanza kutembea, ikarudi nyuma nyumba kwa nyumba, ikafika harusini, ikabisha hodi.

"Na ile ya harusi?"

Hili halikuwa kwenye mazoezi. "Nayo ni hivi hivi, mama. Yule bwana hakuharibu kitu. Niliogopa kukwambia."

"Mimi nilimwita mwongo," mama akasema taratibu. "Mbele ya watu. Akaniambia filamu haina kitu, nikamwambia hana haya."

"Ndiyo, mama."

"Mwaka mzima napita pale nimegeuza uso kama niliyekosewa."

Mwenye studio aliacha kuchokonoa meno. Mama akaishika mikunjo ya gauni lake, akainyoosha magotini, akarudi kukaa wima.

"Iweke vizuri hiyo filamu," akasema. "Tukimaliza tunakwenda kwake. Utasema wewe, yote, kama ulivyoniambia. Nami nina langu la kumwambia."

Shujaa akageukia pazia jeusi, akasimama katika giza lake, akafungua kamera. Filamu ilikuwa imelala salama ndani ya kikopo, ulimi tu ukiwa nje, haujui lililopita. Safari hii hakuufanyia ubahili. Akauvuta kwa ukarimu, akauchomeka mpaka ndani, akavuta kipini mlango ukiwa wazi hata akaona meno ya mtambo yakiuma vitundu vya kando ya filamu, pande zote mbili, akafunga. Akaikaza filamu ndani ya kikopo mpaka akahisi imegoma. Akavuta kipini.

Kigurudumu kikazunguka.

Pigeni ngoma, wenye ngoma! Kilizunguka, kidogo, nusu ya upana wa ukucha, bila sauti, na hakuna mji ulioanguka wala bendera iliyopandishwa. Ila Mwalimu Taratibu alikitazama akasikia machozi yakimjia, akayarudisha, maana mama alikuwa anasubiri.

Akarudi mahali pake. Hakumwambia ageuze uso wala ainue kidevu. Mama alikuwa anamtazama yeye, si kamera, moja kwa moja, kwa jicho la mtu anayesoma jambo kwa makini ili asilazimike kulisoma tena. Taa zikalipuka. Macho hayakufumba.

Ikaandikwe basi, kwa wino wowote uliopo, kwamba katika chumba kilicho juu ya duka la viatu, filamu ilishika. Na kwamba saa ile ile walishuka ngazi wote watatu, wakaenda kwa msafisha picha, shujaa mbele, mama nyuma yake. Na kwamba shujaa alisema yote mbele ya wateja waliokuwapo, na mama akaomba radhi kwa sauti ile ile aliyotukania, na yule bwana akanyoosha mkono akapokea filamu.

Picha ilitoka. Imetundikwa sebuleni kwa mama, karatasi kweli kweli, ndani ya fremu. Wageni wanaoiona kwa mara ya kwanza husita kidogo, kisha huuliza alikuwa amemkasirikia nani siku hiyo. Mama huendelea kunywa chai yake.

"Sikuwa nimekasirika," husema. "Nilikuwa namtazama mkwe wangu. Ndiyo kwanza nilikuwa namwona."