Beleshi la Dhahabu Juu ya Kochi Letu

Jumatano, 3 Februari

Theluji imeanguka usiku kucha. Laini kama unga wa ngano, na inafika kiunoni. Jimbo letu zima la Idaho linashangilia isipokuwa mke wangu.

Sababu iko ukutani, juu ya kochi. Beleshi lililopakwa rangi ya dhahabu! Kila mwaka chama chetu cha pikipiki za theluji hufanya safari moja kubwa nje ya njia. Mtu wa kwanza kukwama na kufukuliwa hupewa beleshi hilo, alitundike sebuleni kwake mpaka msimu ujao. Kwetu limekaa miaka miwili mfululizo. Kabla yake, msumari ule ulikuwa wa picha ya mama mkwe.

Leo Nedra, mke wangu, huku akikaanga viazi, amenikumbusha kwamba safari ni Jumamosi. Amesema beleshi likirudi mara ya tatu, pikipiki yangu inaondoka. Anampa kaka yake, Rulon. Bure! Nimemuuliza kama anatania. Akasema, "Hebu niangalie usoni." Nimemwangalia. Hatanii.

Watu wanasema tatizo ni mkanda, ule unaozunguka chini ya mashine badala ya magurudumu. Wote wamenunua mashine za mkanda mrefu, zinazoelea juu ya theluji kama bata. Wangu ni mfupi, wa kukimbia kwenye njia iliyoshindiliwa. Ukiupeleka kwenye theluji ya unga unachimba. Mimi nasema mkanda mrefu ni mkongojo wa wasiojiweza. Wa Rulon una urefu wa benchi la kanisani, na bado anajiita dereva.

Mchana nimefanya mazoezi uwanjani nyuma ya nyumba. Yamekwenda vizuri sana mpaka niliposimama, mashine ikazama. Nimejifukua mwenyewe, kimyakimya, bila shahidi. Nilipoingia jikoni Nedra akaniuliza kama nimemaliza kupanda viazi.

Alhamisi, 4 Februari

Akili imefanya kazi! Nimekwenda kwenye mkahawa wa Verda. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama, ndiye mwamuzi, na ndiye mpishi wa yale maharage ya nyama na pilipili yanayoliwa pamoja na mkate wa mdalasini. Nimeusifia mkate mpaka akaanza kunitilia shaka. Kisha nikapenyeza hoja yangu. Si haki kumhesabu mtu aliyejifukua mwenyewe. Ahesabiwe tu yule ambaye mwenzake ameshika beleshi kwa ajili yake.

Verda amefikiri, amekubali, na amezitangazia meza zote. Akaongeza kwamba asije mtu kulia baadaye. Alikuwa ananitazama mimi. Sijui kwa nini.

Rulon alikuwepo, na kikombe chake cha chokoleti ya moto. Akanipiga begani. "Shemeji, umewaza jambo zuri sana. Nakuunga mkono." Huo ndio ubaya wa Rulon. Huwezi hata kumchukia kwa raha. Akasema ana mkanda mrefu wa ziada gereji, twende tukaufunge kwenye pikipiki yangu jioni hiyohiyo. Nimemshukuru na kumwambia mimi ni mtu mzima.

Ijumaa, 5 Februari

Kujilinda peke yake hakutoshi. Lazima mwingine akwame kabla yangu, na kwa nini asiwe Rulon?

Mtu mzito huzama. Hiyo ni sayansi. Basi nimemwalika shemeji chakula cha jioni. Nyama ya kuoka, viazi vya kupondwa, mchuzi mzito, keki mbili. Nilimjazia sahani, akamaliza, nikamjazia tena. Kila alipotaka kuinuka nilimuuliza kama amechukia mapishi ya dada yake. Ili asishtuke, na mimi nililazimika kula sawa naye.

Nedra alidhani nimeamua kupatana na ndugu yake. Macho yalimlengalenga, akanibusu mbele ya kaka yake. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Sasa suruali ya safari haifungi. Rulon ameondoka akipiga mluzi.

Jumamosi, 6 Februari

Naandika kwa shida. Vidole bado vinauma.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Rulon aliongoza, nami nikafuata alama yake hatua kwa hatua, kwa adabu zote. Pikipiki ilikuwa inaimba! Tukafika ukingoni mwa bonde. Rulon akateremka, mimi nikabaki juu nikipumua. Nikatazama chini. Mashine yake imesimama! Na Rulon pembeni yake, nusu mtu, amezama mpaka kifuani.

Amekwama!

Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba humwendei aliyekwama kwa pikipiki. Unaegesha pagumu, unatembea. Najua. Lakini kutembea kunachukua muda, na Rulon angeweza kujifukua mwenyewe, na kwa sheria yangu mimi mwenyewe asingehesabiwa. Ilibidi mkono wangu ushike beleshi, haraka. Nikalitoa mgongoni, nikalishika kwa mkono wa kushoto, nikafungua mafuta kwa wa kulia, nikashuka.

Rulon aliinua mkono. Nikadhani anaomba msaada. Nikafika ubavuni pake na kusimama.

Nikasimama!

Akasema bila kugeuka, "Shemeji, ungenipa dakika moja tu."

Alikuwa anakojoa.

Ni kweli, ukishuka tu kwenye mashine, theluji hii inakuzamisha mpaka kifuani. Hata hilo nalijua. Rulon alifunga zipu, akapanda, akaondoka anaelea, akaegesha pagumu na kurudi kwa miguu na beleshi lake. Nikampigia kelele asiguse kitu. Nikafungua mafuta. Mkanda ukazunguka, mashine ikashuka. Nikafungua zaidi. Ikashuka zaidi, mpaka ukabaki usukani tu nje.

Nikaanza kuchimba. Nilichotoa kwa beleshi moja kilirudi kwa mawili. Chama kizima kikafika, kikakaa kwenye mashine zake, kikala mikate yake ya nyama na kunipa ushauri. Mmoja aliuliza kama natafuta maji. Rulon alinibembeleza kwa huruma ya kuchefua. "Shemeji, niache hata nikusaidie upande wa nyuma." Nikalikumbatia beleshi langu. Upepo ukaanza. Vidole vikafa ganzi.

Ndipo Nedra, aliyekuwa amepakiwa na Verda, akaja kwa miguu. Alinipokonya beleshi kama unavyompokonya mtoto kisu, akaanza kuchimba.

Nikakata rufaa papo hapo! Nikamwambia Verda kwamba tulifunga ndoa kanisani, mimi na Nedra ni mwili mmoja, kwa hiyo mkono wake ni mkono wangu, kwa hiyo nimejifukua mwenyewe. Hoja nzito. Verda aliichukulia kwa uzito wake. Akamgeukia Nedra, akamuuliza kama ni kweli yeye ni mwili mmoja na mimi.

Nedra alinitazama nilivyo ndani ya shimo.

"Leo hapana," akasema.

Jumapili, 7 Februari

Kanisani. Askofu amenishika mkono na kuniuliza habari za mgongo. Benchi la nyuma lote limekohoa kwa pamoja. Beleshi liko ukutani. Nedra alilitundika mwenyewe, akarudi nyuma kidogo, akalinyoosha.

Jumatatu, 8 Februari

Rulon amekuja kuchukua pikipiki. Alikuwa na aibu kuliko mimi. Akasema yuko tayari kuiacha kama itaniumiza sana. Nilifungua mdomo kusema ndiyo, nikamwona Nedra mlangoni. Nikaufunga. Ilipopandishwa kwenye tela nililia. Nimewaambia ni upepo.

Kabla ya chakula cha mchana Verda akapiga simu. Alikuwa anacheka hata haeleweki. Rulon ameipeleka pikipiki yangu kwenye bonde lile lile! Mkanda ule ule mfupi! Ameshuka, amepita shimo langu, amepanda kilima cha pili, amerudi. Amesimama wima muda wote, mafuta kidogo kidogo, hakutulia mahali. Hajakwama hata mara moja.

Nimeruka kwa furaha! Miaka yote wamenicheka, kumbe haki huja! Nimemkimbilia Nedra jikoni, nikamwambia: unaona sasa? Nilisema mkanda mfupi unaweza! Sasa mji mzima unajua kwamba tatizo halikuwa pikipiki!

Nedra aliweka kisu chini. Akasema ndiyo, mume wangu, mji mzima unajua.

Nimefarijika sana. Ni mara ya kwanza kukubaliana nami juu ya jambo hili. Na kwa kuwa sasa limethibitishwa, nimeshapita kwa jirani kuulizia ile pikipiki ndogo waliyokuwa wakichezea wanawe. Iko bandani, haina mtu. Mkanda wake ni mfupi kuliko hata ule wangu.