Kosa si Langu, ni la Rangi

Jumatatu, 3 Novemba

Mwalimu wa michoro amenivua nguo mbele ya darasa zima. Kwa maneno tu, lakini baridi nimeisikia vilevile. Amesema mwaka mzima nimeanza kazi chungu nzima na sijamaliza hata moja. Jumamosi niweke mbele ya jopo picha moja iliyokamilika, sura ya mtu halisi aliye hai, la sivyo narudia mwaka.

Na Baba alishatoa kauli yake tangu likizo. Nikirudia mwaka, chuo basi, nakwenda kuuza matairi dukani kwake. Matairi! Mimi! Kitu chenye rangi moja tu duniani!

Nimewaza njia nzima. Tatizo si mimi. Tatizo ni kwamba sijapata bado rangi ya hadhi yangu. Nikiipata, mengine yatajipanga yenyewe. Mstari, jirani yangu wa meza, amenishauri nichague kitu kimoja nikae nacho. Huyu tunamwita Mstari kwa sababu tangu mwaka huu uanze anachora kwa penseli peke yake, mstari mmoja asubuhi, mwingine jioni, katikati anachonga penseli.  Penseli ni ya watoto na maseremala.

Mpango umekamilika. Nitamchora Shangazi. Naishi kwake, ni fundi cherehani, anashinda nyumbani mchana kutwa na hana pa kukimbilia. Amekubali, ila ana ombi. Picha zote alizowahi kupigwa, harusi na misiba, amefumba macho. Anataka angalau moja ambayo macho yako wazi. Nimemwambia hilo ni dogo mno kwa mtu wa kiwango changu.

Jumanne, 4 Novemba

Asubuhi: rangi za maji. Zinasifiwa kwa wepesi wake. Wepesi gani! Hazina adabu. Unaziweka shavuni, zinakwenda shingoni. Unazifuata shingoni, zimeshahamia kwenye kitenge. Halafu karatasi ikaanza kujikunja kama chapati iliyosahaulika kikaangoni. Mwalimu aliwahi kusema karatasi ilowanishwe kwanza na kubandikwa pembeni kwa gundi ya karatasi. Aliwahi kusema mambo mengi.

Shangazi alikaa akitazama mbele bila kupepesa, mpaka machozi yakamtoka. Nikayachora machozi nayo. Yakashuka hadi chini ya karatasi.

Mchana nimebadili msimamo kabisa. Uhalisia umepitwa na wakati. Kuchora pua kama pua ni kazi ya kamera. Nimemchora Shangazi kwa mtindo wa dhahania: pembetatu tatu, duara moja la njano, na mstari mwekundu unaowakilisha uvumilivu wake. Nimefurahi sana. Nimemwita aone. Ameitazama huku anakata uzi kwa meno, akauliza yeye ni ipi kati ya hizo. Nimemweleza kwamba yeye ni zote, na pia nafasi iliyobaki katikati. Amesema sawa, lakini macho hajayaona, na kama nimemaliza nimsogezee mkasi.

Watu wengi hawako tayari kwa dhahania. Jopo pia halitakuwa tayari.

Jumatano, 5 Novemba

Rangi za mafuta! Hapa ndipo nyumbani. Zinanukia heshima. Zinakaa pale unapoziweka. Ukikosea unakwangua, unapaka tena, na kosa linageuka kuwa unene. Nimefanya kazi tangu chai ya asubuhi na kufikia saa nane Shangazi alikuwa ametokeza kwenye turubai, mzima mzima, ana kidevu na kila kitu. Hata yeye aliinuka akaja kuona.

Mstari alipita kuazima kiwembe cha kuchongea. Akaangalia, akasema ni nzuri. Kisha, kwa ile sauti yake ya upole inayonikera kuliko matusi, akauliza itakauka lini. Nikacheka. Akasema yake ya mwaka jana ilichukua mwezi, ndiyo maana akarudi kwenye penseli.

Mwezi!

Nilipuliza. Nilipepea kwa sinia. Nikaitoa uani juani na kuiegemeza ukutani. Nikakaa kidogo nikashindwa, nikazunguka nyumba, nikarudi, nikagusa pua kwa kidole ili kujua hali. Pua ikaja na kidole. Nikairudisha pua, nikazunguka tena. Upepo ukavuma. Jirani alikuwa anafagia. Nilipofika mara ya mwisho, Shangazi alikuwa na ndevu za vumbi, manyoya ya kuku kwenye paji la uso, na nzi wawili wamenasa shavuni, mmoja bado yuko hai na anapambana.

Nimemwachia nzi uhuru wake. Shavu limekwenda naye.

Rangi za mafuta ni za watu wasio na tarehe.

Alhamisi, 6 Novemba

Mkaa. Kwa nini sikuanza na mkaa? Haulowi, haukawii, hauna haja ya brashi. Unachafua mikono, kwa hiyo watu wanaona kwamba umefanya kazi. Kwa saa moja nilikuwa na Shangazi wa mkaa mwenye macho mawili wazi kabisa. Nilikuwa hoi kwa furaha.

Mkaa una udhaifu mmoja tu, ukiupumulia unahama. Hivyo wachoraji wenyewe hupulizia dawa ya kopo ya kuushika usipukutike. Dawa hiyo sikuwa nayo. Mstari akasema hata yeye akikwama hutumia dawa ya nywele ya kopo. Kwenye meza ya Shangazi kuna kopo la nywele. Nikapuliza kwa ukarimu, mbele na nyuma.

Kumbe makopo ya nywele ni ya aina mbili. Kuna la kushika nywele, na kuna la kuzing'arisha kwa mafuta. La Shangazi ni la mafuta. Karatasi ilianza kung'aa, ikawa kama ile iliyofungia maandazi, na nyuma yake nikaanza kuona meza. Kisha Shangazi akateremka taratibu, uso mzima, kuelekea kona ya kulia.

Shangazi halisi aliuliza tu nani amemaliza kopo lake. Nikasema sanaa.

Alasiri nimekwenda moja kwa moja karakana ya ufinyanzi. Udongo! Kitu cha kushikika! Picha ina upande mmoja, kichwa kina pande zote. Nimefinyanga kichwa cha Shangazi kikubwa, kizito, kimeshiba. Fundi wa tanuru amekibonyeza akasema ndani hakijatobolewa, tena bado kibichi, kikae wiki mbili kikauke. Nimemshukuru. Alipokwenda kunawa mikono, nimekipenyeza tanuruni nyuma ya vikombe vya mwaka wa kwanza.

Ijumaa, 7 Novemba

Kimelipuka.

Vikombe vyao pia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamenisubiri getini wakiwa na mikono ya vikombe, mikono peke yake. Nimetokea dirisha la chooni.

Sina kitu. Kesho ni kesho. Nimetembea uani, barabarani, uani tena. Baba amepiga simu kuuliza kama overoli ya saizi yangu aiagize sasa au asubiri. Nimesema asubiri. Sauti yangu haikusikika kama yangu.

Naogopa. Basi, nimeandika. Naogopa.

Jumamosi, 8 Novemba

Ajabu! Lazima niandike haraka.

Asubuhi Shangazi aliniona navaa viatu bila kubeba kitu.  Usiku kucha alikuwa ameshona sare za shule, lakini alivaa gauni lake la kutokea akasema tunakwenda wote, kama picha hakuna basi waangalie mwenyewe. Niliona aibu nikamwambia asije. Akatangulia kutoka.

Jopo lilikuwa watu watatu na chupa ya chai. Mwalimu alitazama nafasi yangu ukutani, tupu, akanitazama mimi, akamtazama Shangazi aliyeketi chini ya ile nafasi kwenye kigoda akiwa ameshika mkoba. Nadhani alimhurumia yeye. Akasema jopo linazunguka chumba chote na mimi ni wa mwisho. Muda huo ni wangu.

Nikapekua mifuko. Kipande cha mkaa, ufunguo, pipi.  Mstari alinisogezea karatasi na penseli moja, imechongwa kama sindano.

Sikuwa na la kuchagua. Sikuwa na rangi ya kulaumu. Shangazi alikuwa amechoka hata kusogea hawezi, na macho yake yalikuwa wazi kwa sababu akiyafumba tu analala. Nikachora nilichokiona. Kope nzito, mikunjo ya chini ya macho, mdomo wa mtu aliyezoea kushika pini. Kwa mara ya kwanza wiki hii sikuinuka mpaka nimemaliza.

Walifika kwangu. Mwalimu akainama karibu. Akasema nimepita. Nimepita! Jumatatu ikae kwenye fremu karibu na mlango, wazazi wanakuja kuona. Mjumbe mmoja akamwambia Shangazi kwamba hata yeye angefurahi kuangaliwa hivyo na mtu. Shangazi akageuza uso upande wa dirisha, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Mstari amenipa mkono. Nimemwambia bahati yake penseli ilikuwa kali.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeitazama picha tangu asubuhi, na kadiri ninavyoitazama ndivyo inavyofifia. Kijivu! Na zaidi ya hapo, inafutika. Nani atamheshimu mtu ambaye kazi yake ya maisha inaweza kuondolewa na mtoto mwenye kifutio? Mstari atasema ni penseli yake iliyonipitisha. Atasema mpaka uzeeni.

Suluhisho: wino. Wino ni kauli. Nitapitia mistari ileile, juu kwa juu. Hakuna kitakachobadilika, isipokuwa itadumu.

Baadaye.

Tone moja lilianguka chini ya pua. Nikalifuta kwa kitambaa. Likapanuka kushoto. Mtu wa kawaida angepaniki. Mimi nikaongeza na kulia ili pande zilingane. Sasa yalikuwa masharubu, na masharubu chini ya nyusi nyembamba hayapendezi, nikanenepesha nyusi. Nywele nazo zikadai kofia.

Shangazi aliingia na kijiko cha mboga mkononi. Akapiga kelele. Akasema huyo ni baba yako!

Nikaangalia. Ni yeye mtupu. Ndugu wa tumbo moja hawa, sura moja, kilichokosekana ni masharubu tu. Ubaya ni kwamba hawasalimiani vizuri tangu ugomvi wa kabati la Bibi. Shangazi amesema miaka yote hii anamkwepa huyo mtu, leo mimi nimempa uso wake. Amekula jikoni peke yake.

Jumatatu, 10 Novemba

Mwalimu aliuliza yule mwanamke yuko wapi. Nikasema hii ni hatua ya pili ya kazi. Akasema jopo lilipitisha mwanamke na yeye hapa anaona mwanamume mwenye kofia. Kwa hiyo sijapita. Narudia mwaka. Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Picha aliiacha ukutani kwa sababu hakukuwa na nyingine ya kuziba msumari.

Na Baba akaingia. Gari lake la kubebea matairi lilikuwa nje, na overoli nimeiona kwapani mwake, imekunjwa vizuri.

Akasimama mbele ya picha. Akavua kofia. Akabaki hapo mpaka watu wakaanza kumzunguka. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, nilimwona lini amechoka hivi. Akasema alidhani anaficha. Akasema nyumbani hakuna aliyewahi kugundua.

 Ningeweza kusema ukweli. Nikasema nimekuwa nikimwangalia siku nyingi.

Baba mwenyewe alikwenda kwa mwalimu. Akasema acha kijana arudie mwaka, hata miwili, duka lipo tu. Kisha akaomba picha. Ameiweka kiti cha mbele na kuifunga mkanda. Overoli ameitupia nyuma kwenye matairi.

Nimepona! Nimekimbia nyumbani kumweleza Shangazi kila kitu. Alikuwa kwenye cherehani. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Akasema masharubu ni ya kaka yake, sawa, na kofia, sawa. Lakini yale macho yalikuwa yake mwenyewe.

 Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akasema nikipata nafasi nimchoree nyingine, ndogo tu, kwa penseli, kama ile ya Jumamosi. Akaendelea kushona.

Jumatano, 12 Novemba

Nimelifikiria ombi la Shangazi kwa uzito wote. Nimetambua kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye wino. Wino ni kimiminika, na vimiminika vyote mwezi huu vimenisaliti.

Penseli? Hapana. Mtu aliyekosewa kiasi kile hawezi kulipwa kwa penseli. Anastahili kitu kigumu, cheupe, kisichofutika wala kudondoka: plasta! Ileile ya hospitali ya kufungia mifupa. Unachanganya na maji, mtu anaingiza sehemu yake, inaganda papo hapo, unapata umbo lake kamili bila kuchora chochote. Nitaanza na mikono yake, kisha uso, macho yakiwa wazi. Sijui kwa nini watu wanahangaika na brashi.

Shangazi amekataa kutoa mikono. Anasema ana sare za kumaliza. Basi nimeonyesha mfano mwenyewe. Mstari alipita, akauliza kama nimepaka mafuta mkononi kwanza, isinate. Nimemwambia, kwa upole wangu wote, kwamba nilishaachana na mafuta tangu Jumatano iliyopita.

Inaganda vizuri sana. Ina joto la kupendeza. Hii ndiyo rangi yangu, naihisi hadi kwenye kiwiko.

Mwandiko huu uvumiliwe kidogo. Naandika kwa mkono wa kushoto, na Shangazi amekwenda kumwita fundi wa tanuru aje na nyundo.