Zamu Yangu Majini

Jumatatu, 3 Machi

Naandika nikiwa chooni, mlango nimeuzuia kwa ndoo. Kanuni ya wamisionari inasema mwenzako asikutoke machoni saa yoyote, isipokuwa hapa. Kwa hiyo hapa ndipo ofisini kwangu. Mwenzangu yuko uani anafua. Anaimba wimbo wa kanisa huku akisugua kola za mashati yetu. Yetu! Amechukua na yangu bila kuombwa. Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Ukweli mchungu niuandike mara moja niumalize. Miezi ishirini na mitatu ya kubisha milango. Wiki tano zimebaki nirudi nyumbani. Watu niliowabatiza: sifuri. Nimebatiza viatu jozi tatu kwenye madimbwi, basi.

Siku naondoka, baba aliweka mwiko wake chini. Ni mwashi, na kanisani haingii. Aliniambia niende salama, na nikimwonyesha mtu mmoja tu niliyemgusa moyo, yeye ataingia kanisani kwetu kwa miguu yake na kukaa mstari wa mbele. Mtu mmoja. Kwa baba ilikuwa mzaha nusu. Kwangu haikuwa mzaha hata robo. Leo mama ameandika tena, anataka picha: mimi ndani ya nguo nyeupe, mtu wangu pembeni. Nimejibu iko njiani.

Mtu wangu yupo. Ni Mama Vifungo, mshonaji wa kona ya pili. Amekubali kubatizwa tarehe kumi na tano. Tatizo ni kwamba anayebatizwa ndiye anayechagua wa kumzamisha, na jicho lake liko kwa huyu anayefua.

Jumanne, 4 Machi

Kinyozi wa mtaani ametuona tukipita na mashati meupe na tai. Akapaza sauti kwamba Wamormoni wanapita, na je, mzee leo anataka kunyolewa ndevu zipi? Ni kwa sababu ya beji. Beji zetu zinasema MZEE, kisha jina la ukoo. Nina miaka ishirini na moja, na kidevu changu ni laini kama sabuni. Lakini cheo ni cheo. Nimemwambia Mzee hanyolewi barabarani. Wateja wake walicheka mpaka mmoja akakatwa sikio.

Kwa Mama Vifungo tumekaa saa nzima. Chumba chake ni kidogo, cherehani dirishani, ukutani rafu za chupa za jamu zilizojaa vifungo. Hasikilizi mtu mwenye mikono mitupu. Ukitaka kumfundisha habari za Mungu, sharti ukae kwenye kigoda na uchambue vifungo huku unasema. Mwenzangu huchambua kwa matundu: vya mawili huku, vya manne kule, vya koti peke yake. Mimi navitupa kwenye chupa iliyo karibu. Kifungo ni kifungo.

Sitasahau, hata hivyo, kwamba mimi ndiye niliyemshika. Mwezi wa kwanza wa masomo nilimfundisha kwamba Mungu anamjua kila mtu kwa jina lake. Akasimamisha cherehani. Akauliza, hata mimi? Nikamwambia, hata wewe, Mama Vifungo. Tangu siku hiyo hakukosa ibada hata moja. Mwenzangu hakuwa amefika hapa bado!

Dalili njema: Mama Vifungo anamwita mwenzangu "mwanangu". Mimi ananiita "Mzee". "Mzee, sogea, umekanyaga kitambaa cha mtu." Kwa heshima zote. Nani atamchagua mtoto na mzee yupo?

Alhamisi, 6 Machi

Hila ya kwanza. Kila wiki tunamwandikia barua Rais wa misheni, mkubwa wetu sote. Leo nimemvisha mwenzangu kilemba cha ukoka cha kurasa mbili. Unyenyekevu wake. Sauti yake. Kola zake. Nikapendekeza apandishwe cheo na kupelekwa mahali penye shida zaidi, mbali, tena upesi. Nilipoisoma upya machozi yalinilenga. Nikitaka, najua kuandika.

Jumapili, 9 Machi

Rais amejibu. Ameguswa sana. Anasema hajapata kuona mmisionari anayemwonea fahari mwenzake namna hii. Amekubali ushauri wangu, amempandisha cheo: kiongozi wa wilaya. Hapa hapa. Hahami hata godoro. Kuanzia leo mtoto wa miezi saba kazini ni mkubwa wangu, na kila Jumapili natakiwa kumpa ripoti, ingawa kitanda chake na changu vinapakana.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bibi yangu alikuwa akisema hivyo, na mimi nikadhani anazungumzia visima.

Waumini walimpongeza kwa zamu. Alisema hastahili. Ni jambo la kwanza tulilokubaliana.

Jumatatu, 10 Machi

Mama ameandika. Baba ameanza kuchokoa saruji kwenye kucha kila jioni. Mama akimuuliza kulikoni, anasema kucha ni zake. Lakini mama anamjua, na mimi namjua. Baba anajiandaa. Nimeusoma ujumbe mara nne. Hii zamu lazima iwe yangu.

Jumatano, 12 Machi

Hila ya pili. Mwenzangu alikuwa mlangoni akimshikia mteja kitambaa kipimwe. Nikamsogelea Mama Vifungo nikamnong'oneza siri. Kwamba mwenzangu anaogopa maji. Kwamba utotoni nusura afe mtoni, na mpaka leo akiona maji yamemfika kiunoni mikono humlegea. Kwamba nasema hivi kwa upendo tu, maana yeye Mama Vifungo ni mtu mzima na sakafu ya kisima cha ubatizo ni ya vigae.

Alitoa pini mdomoni moja moja. Kisha akasema:

"Mzee, huyu mwanangu aliniomba tangu wiki iliyopita nikuchague wewe. Kasema unarudi kwenu na zamu hujapata. Nikamwambia sawa. Sasa huo mto umetoka wapi?"

Niliinama nikaokota vifungo ambavyo havikuwa vimeanguka.

Nimehurumiwa! Na mtu anayefua mashati yangu! Nimelia kidogo, nimefungulia bomba asinisikie. Yeye akagonga mlango akauliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ndiyo. Akaniletea maji moto.

Nimetulia sasa. Huruma haionekani kwenye picha. Tena Mama Vifungo amenipima miguu, maana suruali nyeupe za kanisa zimeshonwa kwa ajili ya majitu. Atanikatia pindo mwenyewe, kisha atapiga pasi.

Ijumaa, 14 Machi

Mazoezi, chooni, mara arobaini. Maneno ya ubatizo ni machache, lakini hayataki kosa. Ukikosea neno moja unarudia, na unyayo wa mtu ukielea juu ya maji unarudia pia. Yanaanza na jina kamili la anayebatizwa. Hapo nasema "Fulani binti Fulani" na kuendelea, nisiharibu mtiririko. Mkono juu, pumzi, zamisha, inua. Niko tayari kuliko siku zote za maisha yangu.

Nimempa mama wa kwaya simu na maagizo. Apige picha pale nitakapoinua mkono, si kabla, si baada. Mwenzangu asitokee hata kiwiko.

Mchana mwenzangu alijaza fomu na Mama Vifungo. Akaniuliza kama ningependa kuipitia. Nikamwambia mimi namfahamu yule mama kabla yeye hajajua hata hii njia. Akasema ni kweli. Hata kubishana hajui.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike kama ilivyokuwa.

Kifaa cha kupashia maji kilikuwa kimekufa. Maji ya baridi ya kung'oa meno. Nguo zikanikaa vizuri, pindo limenyooka. Nikiwa kwenye ngazi za kisima, mwenzangu akanijia haraka na kikaratasi, akanong'ona nikisome kabla sijaingia. Nikajua ni mawaidha. Wakipewa vyeo hawakosi mawaidha. Nikakitia mfukoni nikashuka.

Mama Vifungo naye akashuka, kitambaa cheupe kichwani, anatetemeka. Akanishika mkono kama nilivyomfundisha. Watu kama ishirini wakanyamaza. Nikainua mkono wa kulia. Mama wa kwaya akapiga picha. Nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Jina. Jina lake kamili. Nililitafuta kichwa kizima, nikakuta vifungo. Nikasema, "Mama Vifungo..." Mashahidi wawili walio ukingoni, mmoja wao mwenzangu, wakatikisa kichwa. Nikasema, "Dada Vifungo..." Mtu akacheka huko nyuma. Hapo nikakumbuka kikaratasi! Nikaingiza mkono mfukoni, chini ya maji, nikatoa uji. Wino wa bluu ukanichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi niliyavalia rasmi na bado yakanishinda.

Mama Vifungo alikuwa ananitazama. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya.

"Hulijui?" akauliza.

Nikasema limenitoka tu, ni baridi.

"Halijakutoka, Mzee. Halikuingia. Miezi sita umekalia kigoda changu. Ukaniambia Mungu ananijua kwa jina, mpaka nikasimamisha kazi. Nikadhani aliyetumwa na yeye ameambiwa."

Kisha akageuza uso ukingoni. "Mwanangu, njoo wewe. Baridi inaniua."

Alikataa kutoka. Alisubiri mle mle, mikono kifuani, mpaka mwenzangu akabadili nguo. Mimi nilitokea upande wa pili. Nilipompita mwenzangu, akaniambia nijifute nisije nikashikwa na mafua. Jina lilipotamkwa nilikuwa kwenye korido nakamua suruali. Nilisikia majina matatu, marefu, kwa sauti nzuri, hilo siwezi kulikana. Kisha maji yakalia, na watu wakasema amina.

Nimetafakari sana kosa ni la nani. Ni la kikaratasi. Mtu mwenye akili angeandika kwa penseli. Penseli haiyeyuki.

Jumapili, 16 Machi

Mwenzangu ameniomba radhi kwamba hakunilazimisha kusoma. Yaani hata kosa anataka liwe lake! Nimemsamehe. Mama Vifungo alikaa mstari wa mbele, amejishonea gauni jipya. Alinisalimu vizuri. "Mzee, hujambo." Heshima iko pale pale, basi.

Jumatatu, 17 Machi

Picha imetoka vizuri ajabu. Mama wa kwaya alitii. Mkono juu, mdomo wazi, Mama Vifungo ameniinulia macho kwa imani yote. Ni sekunde moja kabla ya balaa, lakini sekunde hiyo ilikuwepo, hakuna anayeweza kuikana. Nimemtumia mama. Sikusema uongo. Niliandika: hii hapa picha. Maneno matatu, yote ya kweli.

Jumatatu, 24 Machi

Mama amejibu. Ameisafisha picha kwa mpiga picha, kubwa. Baba alinawa mikono kwanza. Akaishika kwa pembe mbili, akaitazama mpaka chakula kikapoa. Mama anasema hajamwona hivyo tangu siku niliyozaliwa. Kisha baba akasema Jumapili hii ataingia kanisani, hangoji nirudi. Atamwombea yule mama, kwa kuwa amemwamini mwanawe. Ila ameuliza swali moja: anaitwa nani?

Nimejibu kwamba wote wanamwita Mama Vifungo.

Haikupita dakika mama akaandika tena. Baba anasema ameuliza jina, hakuuliza kazi. Anasema hawezi kupiga magoti kumwombea mtu asiyemjua jina. Amekaa na picha mapajani, anasubiri.

Mwenzangu yuko nje ya mlango huu, anafua. Angeniambia mara moja. Wala asingecheka, na hilo ndilo nisiloweza kulivumilia. Watu wamekazana na majina siku hizi, sijui wamepatwa na nini! Nimezima simu.

Nina wiki mbili. Wiki mbili ni nyingi. Leo tumeongea na muuza magodoro wa karibu na kituo, mtu mpole, anasikiliza huku akipiga vumbi bidhaa zake. Ameahidi kuja Jumapili. Ni mzito, kwa hiyo nimeanza kunyanyua ndoo mbili zilizojaa maji, asubuhi na jioni, mgongo usiniangushe kwenye kumwinua. Safari hii hakuna kilichoachwa kwa bahati. Jina tutalipata siku hiyo hiyo. Kwa sasa namwita Magodoro, anaitika.

Penseli nimeshanunua.