Kamba Yangu na Msufi wa Zahanati

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimejiunga rasmi na wanaojitolea kupima miti mikubwa ya wilaya. Tuko tisa. Wenye shahada: mmoja. Simtaji, kwa unyenyekevu.

Afisa misitu ametufafanulia utaratibu. Mti hupimwa mzunguko wa shina, mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini. Kipimo huandikwa katika rejista. Mti unaoizidi miti yote huwekewa kibao mbele yake. Nilikuwa naanza kusinzia, ndipo akatamka jambo lililonifanya niketi wima: Jumamosi atamteua mmoja wetu kuwa Mtunza Rejista. Ajira ya kudumu. Meza. Kiti cha kuzunguka!

Kwa sasa unaoongoza ni mkuyu ulio nyuma ya nyumba ya pampu ya maji. Mita tisa na sentimita kumi na mbili. Aliyeuvumbua ni fundi cherehani, mama wa makamo anayezunguka porini na tepu shingoni kana kwamba miti imemwagiza suruali. Elimu yake sijaiuliza. Inatosha kwamba si kubwa kama yangu.

Jioni shangazi, ambaye ninaishi kwake tangu nihitimu, aliuliza habari za kazi. Nikamjibu kwamba uteuzi wangu umefikia hatua ya mwisho. Si uongo. Hatua iliyobaki ni kuniteua.

Shangazi akasema vizuri sana, hata yeye amefikia hatua ya mwisho. Nisipoteuliwa Jumamosi, Jumatatu nitakwenda kwa mjomba kwenye kiwanda chake cha kupasua mbao. Mimi! Mhifadhi wa miti, nikaipasue!

Jumanne, 5 Machi

Tepu rasmi ni moja tu, na afisa amemkabidhi fundi. Sababu aliyoitoa: fundi hajawahi kupoteza kitu. Vigezo vya kitaaluma havikuzingatiwa.

Nilipoiomba, fundi aliniambia nisubiri zamu yangu. Eti Bwana Digrii asiwe na pupa, mti haukimbii. Wenzetu wakacheka. Nami nikacheka, ili ijulikane kwamba nina uwezo huo.

Nimeamua kujitegemea. Katika stoo ya shangazi nilikuta kamba mpya ya pamba, mita kumi na mbili. Zamu yangu ilipofika niliinyoosha sambamba na tepu rasmi, nikapiga fundo kila mita na kufunga uzi mwekundu kila sentimita kumi. Kazi safi. Fundi aliichukua, akaisugua kwa vidole kama anayenunua kanga, akauliza ikiwa ni pamba tupu. Nikamthibitishia. Akauliza kama niliiloweka kwanza, maana yeye hakati kitambaa cha pamba kabla ya kukiloweka.

Nikamweleza kwa upole kwamba mimi napima miti, sishoni magauni. Akasema haya. Akaendelea kukunja tepu yake.

Mchana, ugunduzi! Nyuma ya zahanati, kando ya uzio ambapo wauguzi huanika mashuka, umesimama msufi wa kutisha. Nikauzungushia kamba.

Mita nane na sentimita themanini na nne.

Nikarudia mara nne. Mara ya tano nilivuta pumzi na kuishikilia, ingawa nakiri kwamba mbinu hiyo humsaidia zaidi anayepimwa. Muuguzi aliyekuwa akianika aliniuliza kama mti unaumwa. Nikamwambia mti ni mzima, umepungukiwa tu sentimita ishirini na nane na nukta moja. Hata hivyo, hiyo nukta moja niliiongeza ili kuonyesha umakini.

Jumatano, 6 Machi

Mkakati mpya. Shina la msufi hutanuka kuelekea chini. Sentimita ishirini na tisa zinapatikana kwa urahisi iwapo mtu atapima karibu na goti.

Nimewasilisha hoja kwa afisa kwamba kimo cha mita moja na thelathini kinawabagua wafupi na kwamba kila mpimaji aruhusiwe kutumia kimo cha kifua chake mwenyewe, akiwa ameketi. Afisa akauliza ni nani huyo anayepima mti akiwa ameketi. Nikajibu: mtafiti. Akacheka hadi kalamu ikamdondoka.

Nimekitafsiri kicheko hicho kuwa dalili ya kuvutiwa.

Hoja imekataliwa.

Mvua kubwa imenikuta njiani. Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa, kamba imejaa tope na majani. Nimeitupa barazani.

Alhamisi, 7 Machi

Shangazi ameifua kamba yangu! Maji ya moto, sabuni ya unga, pamoja na mashuka. Nimelalamika kwa maandishi, kisha kwa mdomo, kwamba hicho ni kifaa cha sayansi. Akajibu kwamba kifaa cha sayansi kilikuwa kinamchafulia kizingiti, na kama nina la kusema zaidi, beseni bado lina maji.

Nimeahirisha mjadala.

Nimeikagua kamba baada ya kukauka. Nyeupe pe. Mafundo yote yapo, nyuzi nyekundu zote zipo. Hakuna kilichoharibika.

Ijumaa, 8 Machi

Muujiza!

Nimerudi kwa msufi ili kuuaga tu. Nikauzungushia kamba kwa mazoea. Mita tisa na sentimita thelathini!

Nikapima tena. Tisa na thelathini. Nikamwita muuguzi ashuhudie. Akashuhudia, ingawa alisema yeye anaona kamba na mti basi.

Msufi umeongezeka sentimita arobaini na sita kwa siku tatu. Sababu ni dhahiri: mvua ya Jumatano. Mpaka saa kumi alasiri nilikuwa nimekamilisha andiko la kurasa kumi na moja, "Ukuaji wa Ghafla wa Msufi Baada ya Mvua Moja." Uwezekano wa kosa la kipimo nimeujadili kwa kina katika tanbihi ya saba na kuutupilia mbali.

Sikuupima tena mkuyu wa fundi. Ule una kipimo chake tayari, na kuingilia kazi ya mwenzako si ustaarabu.

Nimemwalika shangazi kwenye uteuzi wa kesho. Amesema atakuja na majirani wawili. Nimewaomba wakae mbele.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika yote, kwa ajili ya historia.

Mwanzo ulikuwa wa fahari. Nilisimama chini ya msufi nikasoma andiko langu. Kufikia ukurasa wa tatu afisa aliniomba niruke hadi mwisho. Nikaruka. Nikautangaza msufi kuwa mti mkubwa kuliko yote wilayani. Shangazi akapiga vigelegele. Majirani wakampokea.

Ndipo fundi akaomba, kwa adabu iliyonitia shaka, kamba yangu hiyohiyo ikaupime na mkuyu. Tukaenda wote hadi kwenye nyumba ya pampu. Mkuyu ukatoka mita tisa na sentimita sitini. Nikawaeleza kwamba mvua hainyeshi kwa upendeleo.

Fundi akasema sawa, basi tumpime na afisa, maana naye juzi alinyeshewa. Afisa akasimama wima kando ya ukuta wa nyumba ya pampu. Kwa tepu rasmi: mita moja na sentimita sitini na tatu. Kwa kamba yangu: mita moja na sabini na moja na ushei. Afisa alifurahi mno, akaomba kipimo cha pili ndicho kiandikwe. Kwa muda mfupi niliamini nimeokoka.

Fundi akailaza kamba chini, akalaza na tepu kando yake. Mita kumi za kamba zilikuwa mita tisa na nusu za tepu. Akauliza kama kamba hii imefuliwa.

Kabla sijaandaa jibu, shangazi alipaza sauti kutoka mbele, kwa majivuno yote, kwamba ameifua mwenyewe, tena kwa maji ya moto, na kama kuna mwingine ana kamba chafu amletee!

Watu walicheka kwa muda ambao sikuupima.

Fundi ndiye Mtunza Rejista. Afisa alisema ofisi inahitaji mtu anayejua kinachosinyaa na kisichosinyaa. Kiti cha kuzunguka kimekwenda kwa mtu aliyekwisha kuwa na kiti cha cherehani.

Baadaye fundi alinifuata pembeni. Akasema, mwanangu, Jumanne nilikuuliza. Akaongeza kwamba msufi wangu bado ni wa pili wilaya nzima, mita nane themanini na nne za haki kabisa, na ataandika jina langu kuwa mvumbuzi. Tena anahitaji mtu wa kushika ncha ya sifuri ya tepu anapopima. Nikitaka nije Jumatatu, atamwomba afisa aniajiri kuwa msaidizi wake.

Nilimjibu rasmi kwamba sikusoma miaka minne ili nishike sifuri.

Njiani shangazi alitangulia. Tulipofika mlangoni aliniambia, baba, mzigo wako nimeshaufunga. Nikaufungua ili kukagua. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa vizuri, chini kabisa zile zilizofuliwa Alhamisi.

Alikuwa ameufunga tangu Alhamisi!

Jumatatu, 11 Machi

Kiwanda cha mbao. Kelele. Vumbi la mbao kwenye chai, kwenye nywele, kwenye cheti changu, ambacho nilikitundika ukutani kwa dakika kumi.

Mjomba ni mtu wa maneno machache kwa sababu ya msumeno. Amenipa kazi ya kupanga mbao kwa urefu. Nikamweleza historia yangu katika upimaji. Akasema shangazi ameshampigia simu, na akanikabidhi rula ya chuma.

Nimeichukulia kama dharau.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya kihistoria!

Nyuma ya kiwanda, penye magugu, kumelala gogo ambalo mjomba anasema liliwashinda kulipasua tangu enzi za baba yake. Wafanyakazi hulikalia wakati wa chakula. Hakuna aliyewahi kulipima. Rejista nzima ya wilaya inawahusu waliosimama tu!

Nimemwandikia afisa barua ya kurasa sita, nakala kwa Mtunza Rejista, nikipendekeza daraja jipya: Miti Mikubwa Iliyolala. Nimejipendekeza mwenyewe kuwa msimamizi wa daraja hilo. Kiti si lazima kizunguke.

Kwa rula ya chuma mzunguko wa gogo umetoka mita nne na sentimita hamsini na sita, ingawa rula haipindi na nililazimika kukisia upande wa chini. Kwa kamba yangu, ambayo nimekuja nayo, umetoka mita nne na themanini. Gogo halina mshindani. Linaongoza hata likiwa hivyo lilivyo. Hata hivyo mita tano ingependeza zaidi katika aya ya kwanza.

Mjomba amepita sasa hivi akauliza kwa nini sufuria ya chai ya wafanyakazi wote inachemka na kamba yangu imo ndani.

Nikamjibu kwamba ni usafi wa vifaa. Usafi tu.