Ramani Yangu ya Vyoo

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata suluhisho! Tangu nipigwe mionzi ya saratani ya tezi dume, miaka minne sasa, mkojo ukibisha hodi haungoji jibu. Haja kubwa nayo imeiga tabia hiyo. Na mwalimu wa udereva hawezi kumwacha mwanafunzi katikati ya barabara. Basi nimebuni njia mpya ya mafunzo: kituo cha mafuta, soko, mahakama, kituo cha mafuta tena. Kote kuna choo. Wanafunzi nimewaambia ni mazoezi ya kuegesha. Nani kama mimi?

Jumatano, 6 Machi

Damu tena chooni. Si kidogo. Niliikodolea macho mpaka mlinzi wa mahakama akagonga mlango. Ugonjwa umerudi, najua, na sitaki mtu aniambie. Naogopa.

Maji nimeacha kunywa. Mkojo sasa unawaka kama pilipili. Klachi, mwalimu mwenzangu anayelimezea mate gari langu, hunusanusa nikipita. Nikajipulizia marashi ya mke wangu. Mke kauliza nampelekea nani.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Mtihani wa fundi cherehani, mwanafunzi wangu bora. Askari wa trafiki aliyemtahini alimwambia anyooshe barabara kuu. Yeye akakata kushoto, akaingia kituo cha mafuta, akaegesha mbele ya choo, akazima injini, akangoja. Kafeli. Bosi kanifokea, Klachi kasimama mlangoni akijifanya anatafuta funguo. Nilisema mwanafunzi ana woga.

Jumatatu, 11 Machi

Mke kaiona suruali yenye damu chini ya kitanda. Hakupiga kelele. Aliketi, akasema, "Baba watoto, usiponiambia mimi, utamwambia nani?" Nililia. Kweli nililia.

Kanikokota hospitali. Daktari alisema mionzi huweza kuumiza kibofu na utumbo hata baada ya miaka. Huenda damu ni hiyo tu, huenda siyo. Hatajua mpaka aingize kamera. Matibabu yapo, na maji ninywe. Akauliza damu imeanza lini. Nikasema juzi. Ilianza mwaka jana.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya kipimo. Klachi kaomba gari langu kwa leo tu. Leo tu! Namjua, halitarudi. Dawa ya kusafisha tumbo, niliyopewa ninywe kabla ya kamera, nilishaimwaga sinkini. Nikamwomba mke atangulie hospitali akashike foleni, mimi naaga kazini mara moja.

Nikamchukua fundi cherehani kwa mazoezi. Njia nimeiboresha: vyoo vya hospitali ni visafi kuliko vyote, hata sabuni ipo. Akaegesha, nikajisaidia. Damu, ndiyo. Natoka, namwona mke wangu kupitia kioo, kwenye benchi, mkoba wangu mapajani. Kila mlango ukifunguka anainua kichwa. Nesi alikuwa akiita jina langu.

Nikaingia garini nimeinama. Nilimwambia mwanafunzi arudi nyuma taratibu, asiguse honi. Karudi vizuri mno. Mara hii atafaulu.