Mchezaji wa Nane wa Lulu za Dimboola

Jumatatu, 5 Agosti

Tahlia, mchezaji wangu wa nane, ameondoka. Hakuja mwenyewe. Alimtuma mama yake, na mama yake akaniambia kupitia dirisha la gari huku injini inanguruma. Binti anahamia kikundi cha Almasi cha mji wa Horsham, kwa Raelene Kuchel.

Raelene nilimfundisha mimi. Alikuja kwangu ana miaka sita, hajui mguu wa kulia wala wa kushoto. Leo ana ukumbi wenye vioo ukuta mzima na sakafu inayodunda. Mimi nina ukumbi wa mji wa Dimboola, mbao zenye mianya, na wachezaji saba.

Saba! Kitabu cha kanuni za chama, ukurasa wa 12: kikundi cha dansi cha wakubwa kisipungue wanane. Mashindano ya mkoa ni Jumamosi ya tarehe 17, Ballarat. Miaka thelathini na moja Lulu za Dimboola hazijakosa hata mara moja.

Kusema kweli, barua ya kuomba ruhusa ya kumhamisha Tahlia ilinifikia wiki tatu zilizopita. Niliitia kwenye droo ya vijiko nikitumaini itakata tamaa.

Jumatano, 7 Agosti

Nimesoma kitabu chote, kurasa 64, tangu staftahi hadi chai ya saa nne. Hakuna mahali panapokataza wanaume. Nikamfuata mume wangu Kelvin kwenye zizi, nikamweleza kwamba angesimama nyuma tu, kushoto, na kuinua mikono. Kelvin akanijibu kwamba kondoo wake thelathini wanazaa wiki hii, na kwamba na wao wanamhitaji nyuma.

Nikaendelea kufikiri. Jibu likaja nikiosha vyombo. Kerryn.

Kerryn ni binti wa kaka yangu Darryl. Ana miaka ishirini na minne, anauza mikate mjini. Alicheza kwangu tangu utotoni, na jina lake bado limo kwenye daftari la chama. Hajawahi kucheza kwa mtu mwingine. Msafi kama theluji. Kasoro moja tu: aliumia goti kwenye netiboli tarehe 2 Machi. Kano ilichanika, akapasuliwa.

Ukurasa wa 23: aliyeumia ndani ya miezi sita kabla ya mashindano alete barua ya mtaalamu wa viungo. Mtaalamu wa Kerryn amesema asicheze kabla ya Oktoba.

Miezi sita! Machi mpaka Agosti ni mitano na nusu. Tunanyimwa kwa ajili ya wiki mbili. Nani aliyekaa akaamua sita? Kwa nini isiwe mitano?

Alhamisi, 8 Agosti

Kerryn amekubali. Nilimkuta dukani anapanga mikate, nikanunua sita nisiyoihitaji. Nilipomwambia bila yeye hatuendi, akaacha kupanga. Akasema anaota anacheza, halafu anaamka mguu umekakamaa.

Aliuliza jambo moja tu. "Shangazi, nikikwambia linauma, utanitoa?"

Nikamwambia, "Papo hapo, mwanangu. Mimi ni damu yako."

Nimejaza fomu ya afya jioni. Tarehe ya kuumia: 2 Februari. Februari na Machi ni majirani. Kerryn aliweka saini bila kusoma, maana alikuwa anajaribu vazi, na lilimkaa vizuri.

Jumapili, 11 Agosti

Mazoezi. Baridi ya kuumiza meno. Kerryn anacheza akiwa na mkanda wa goti wenye vyuma pembeni. Anaruka nusu, anatua kwa mguu mmoja. Hata nusu ya Kerryn ni bora kuliko Tahlia mzima, nikawaambia wenzake hivyo. Hawakufurahi.

Shida ni mkanda. Ukurasa wa 31: hakuna kitu kigumu mwilini jukwaani. Wala pini ndefu, wala hereni, wala chuma. Ofisa usalama ni Bwana Noel Jellett, zamani mkuu wa zimamoto wa kujitolea. Mzee huyo humulika kucha za watoto kwa tochi. Akiuona mkanda atauliza goti lina nini.

Basi Jumamosi mkanda unabaki garini. Nimemwambia Kerryn kwamba vyuma vinaudanganya mguu, unasahau kazi yake. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi, ila yalisikika ya kitaalamu.

Jumanne, 13 Agosti

Siku njema. Nimeipelekea kamati ya chama malalamiko. Tahlia amehama bila barua ya ruhusa iliyosainiwa na mkufunzi wake wa zamani. Mkufunzi wa zamani ni mimi. Sijasaini. Ukurasa wa 17. Almasi waondolewe.

Raelene alipiga simu saa tisa. Alizungumza kwa upole, na hilo ndilo lililoniudhi. Akasema Tahlia ana miaka kumi na saba na amelia siku mbili. Akasema kama nina upungufu wa mchezaji ningemwambia, angeniombea kwa kamati turuhusiwe kucheza saba, iliwahi kufanyika.

Nikamwambia Lulu haziombi.

Akasema, "Mama Glenys, mimi kila ninachokijua nimekitoa kwako. Sitaki tufike huku."

Nilikata simu. Anajifanya mwema ili nionekane mbaya. Mbinu hiyo naijua.

Alhamisi, 15 Agosti

Kamati imejibu. Malalamiko yametupwa.

Ukurasa wa 18, ambao sikuurudia kwa sababu wa 17 ulinitosha: mkufunzi asiyejibu ombi la kuhama ndani ya siku kumi na nne huhesabiwa amekubali. Katibu, kwa ustaarabu wake wa kuchoma, ameongeza kwamba kifungu hicho kilipendekezwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka 1994 na Bi. Glenys Rodda wa Dimboola.

Nimekumbuka. Kulikuwa na mkufunzi mmoja wa Stawell aliyekuwa anazikalia barua. Mwanamke mwenye roho mbaya sana.

Kibaya zaidi, kwa kuwa kuna malalamiko, kamati itakagua fomu za vikundi vyote viwili. Mkuki kwa nguruwe. Kelvin ameniuliza kwenye meza kwa nini sili. Nikasema viazi vina chumvi. Amevipika mwenyewe, akavila vyote.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumerudi. Naandika kwa sababu nikikaa bure naisikia sauti ya Kerryn nyuma ya pazia.

Tulifika Ballarat saa tatu, mvua ya rasharasha. Bwana Jellett alitukagua mlangoni. Kucha, viatu, nywele. Alimfikia Kerryn, akatazama goti kupitia soksi ndefu nyepesi, akauliza kovu ni la lini. Kerryn akanitazama. Nikajibu mimi: Februari, limepona kabisa. Mzee akaitazama fomu, akamtazama tena Kerryn, akamuuliza yeye. Kerryn akasema Februari.

Tulikuwa wa tano kuingia. Nyuma ya pazia Kerryn alikuja, akanishika mkono wa sweta. Uso hauna rangi.

"Shangazi, linauma."

Wale wa nne walikuwa wanatoka. Nilisikia makofi. Kitabu kinaruhusu kujitoa mpaka jina litajwe. Nilikuwa na muda. Nataka niandike ukweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: nilikuwa na muda.

Nikamwambia, "Dakika tatu, mwanangu. Dakika tatu tu, halafu ukae mwezi mzima."

Dakika mbili zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kufundisha. Mstari umenyooka, mikono kama ya mtu mmoja. Niliwaona majaji wanaandika huku wameinua nyusi. Kisha mruko wa pamoja. Saba walitua. Kerryn alitua, goti likaenda upande ambao magoti hayaendi. Alikaa chini tu, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, akiwa ameushika mguu kwa mikono miwili. Muziki ukaendelea. Wenzake hawakujua waendelee au wasimame, wengine waliendelea.

Mimi nilikuwa hatua kumi. Raelene alikuwa upande wa pili wa jukwaa, na ndiye aliyefika kwanza. Alipiga magoti na gauni lake la hariri, akauegemeza mguu kwenye mapaja yake, akaagiza barafu. Tahlia ndiye aliyeileta.

Almasi wamekuwa wa kwanza.

Jumapili, 18 Agosti

Hospitali. Kano imechanika tena, na gegedu, ule mfupa laini wa ndani ya goti, pia. Kupasuliwa upya, mwaka mzima wa kupona, na daktari hakulitaja neno kucheza kabisa, hata Kerryn alipomuuliza.

Kaka yangu Darryl alikuwa kwenye korido. Akaniambia, "Ulikuwa unajua mwezi ni upi, Glenys. Wewe ndiye uliyemletea supu alipopasuliwa." Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango polepole, kwa heshima, kama tunavyofunga mlango wa mgonjwa.

Supu ilikuwa ya kondoo. Machi, kweli.

Jumanne, 20 Agosti

Kikao cha kamati, kwa simu. Walikuwa na rekodi ya hospitali. Waliuliza nani aliandika Februari.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeamua kusema, naapa, au karibu niamue. Lakini Kerryn alitangulia. Alisema kutoka kitandani kwamba ni yeye. Alitaka sana kucheza, shangazi hakujua.

Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nikasema sina.

Kerryn amefungiwa miaka miwili, asicheze wala asishike wadhifa wowote katika kikundi chochote. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kutosimamia. Kelvin aliichukua nakala ya fomu mezani, akaiweka kando ya orodha ya vitu vya dukani niliyoibandika kwenye friji. Alizitazama zote mbili kwa muda, mwandiko wa moja na wa nyingine. Kisha akatoka kwenda kwa kondoo, na hakurudi kunywa chai.

Hakuna aliyemlazimisha yule mtoto kusema vile. Nimejirudia maneno haya mara kadhaa leo, na yanakaribia kukaa sawa.

Ijumaa, 23 Agosti

Nilimpelekea Kerryn keki za chokoleti na nazi. Alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mito mitatu. Alikula moja. Aliniuliza kama nimeiambia kamati ukweli. Nikasema nasubiri wakati mwafaka. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole wa watu wanaokutegemea kidogo kuliko jana.

Kisha akanipa habari yake, na macho yakamwaka kwa mara ya kwanza. Raelene alikuja jana. Amemwomba akipata nafuu akawafundishe watoto wadogo wa Almasi, Jumatano mchana, akiwa amekaa kitini. Raelene atamfuata kwa gari na kumrudisha. Kerryn akasema furaha ilimnyima usingizi.

Nikampongeza. Nikambusu kwenye paji la uso.

Njiani kurudi nilikuwa nafikiri. Raelene amemchukua Tahlia. Sasa anamchukua Kerryn, damu yangu, kwa kiti na safari ya gari. Na mbele ya watu wote ataonekana mwenye huruma. Nilipofika nilifungua kitabu kabla ya kuvua koti.

Ukurasa wa 51. Aliyefungiwa hawezi kushika wadhifa, na mafundisho ya watoto ni wadhifa, hata akikaa. Safari hii nimesoma wa 52 pia, na wa 53. Hakuna mwanya.

Si chuki. Mimi sina chuki na mtu. Kanuni ni za usalama wa watoto, na asiyezilinda ndogo hawezi kuzilinda kubwa. Malalamiko yamechukua ukurasa mmoja tu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Kelvin amepita, akauliza naandika nini. Nimemwambia ni kadi ya kumtakia Kerryn nafuu.